Keely: Fundi aliyeahidi kawi ya bure kwa miaka 26

MNAMO Januari 1899, kundi la wanaume liliingia katika jengo nambari 1422, barabara ya North Twentieth jijini Philadelphia, Marekani, na kuanza kung'oa mbao za sakafu. Miongoni mwao walikuwamo wasomi wa chuo kikuu, wahandisi na waandishi wa habari.

Aliyewaongoza ni Clarence Moore, mwanaakiolojia aliyejipatia jina kwa kufukua vilima vya kale vya wenyeji asilia wa kusini mwa Marekani. Safari hii hakuwa akitafuta mifupa wala vyungu. Alitaka kujua ni wapi zilikoishia pesa za mama yake.

Mwenye karakana hiyo, John Ernst Worrell Keely, alikuwa amefariki miezi miwili hivi kabla ya siku hiyo. Kwa muda wa miaka 26 fundi huyo alikuwa amewaahidi watu mtambo ambao haungehitaji makaa ya mawe, kuni wala mvuke. Alisema ungeendeshwa kwa nguvu zilizojificha ndani ya maji na hewa, zikiamshwa kwa mitetemo ya sauti. Ahadi hiyo iliwavutia matajiri, wahandisi, majaji na wajane. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona mtambo huo ukifanya kazi nje ya mikono ya mwenyewe.

Keely alizaliwa mwaka wa 1837 katika jimbo la Pennsylvania. Aliondokewa na wazazi wake akiwa bado mtoto, akalelewa na babu na nyanya yake. Elimu yake haikuwa kubwa. Kabla ya kupata umaarufu alijaribu kazi nyingi: useremala, upakaji rangi, ufundi wa mitambo, hata kupiga muziki katika bendi na kuwaita watu waingie kwenye maonyesho ya mitaani.

Kazi hizo mbili za mwisho huenda ndizo zilizomfaa zaidi. Muziki ulimpa lugha ya mitetemo na upatanifu wa sauti, ambayo baadaye aliigeuza kuwa nadharia. Maonyesho ya mitaani nayo yalimfunza namna ya kuuteka umati, kuuweka katika hali ya kungoja, na kuurudisha nyumbani ukiwa na hamu ya kurejea kesho.

Mwaka wa 1872 Keely alitangaza kwamba alikuwa amegundua nguvu mpya. Kampuni ya Keely Motor ikaundwa ili kumfadhili, na wawekezaji wa New York na Philadelphia wakaanza kununua hisa.

Novemba 1874 aliwaonyesha wageni wachache kile alichokiita jenereta ya etha. Alipuliza pumzi yake ndani ya bomba la chombo hicho kwa takriban nusu dakika, kisha akamimina galoni tano za maji katika bomba lilo hilo. Baada ya kugeuza vali hapa na pale, kipimo kilionyesha shinikizo la ratili 10,000 kwa kila inchi moja ya mraba. Hapakuwa na moto wala moshi. Katika maonyesho kama hayo, kamba nene zilikatika, vyuma vikapinda na risasi zikatoboa mbao nene.

Waliohudhuria walitoka wakiwa wameduwaa. Keely aliwaambia kwamba robo galoni ya maji ingetosha kuvuta gari la moshi kutoka Philadelphia hadi San Francisco, na kwamba galoni moja tu ingeipeleka meli kutoka New York hadi Liverpool na kuirejesha.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuwacheka watu hao. Hata hivyo, haifai kuwahukumu bila kuutazama wakati wao. Septemba 1873 benki ya Jay Cooke ilikuwa imeporomoka katika jiji lilo hilo la Philadelphia, na kuitumbukiza Marekani katika mdororo mkubwa wa uchumi. Wenye pesa walikuwa wakitafuta mahali papya pa kuziweka.

Fauka ya hayo, mambo yaliyodhaniwa kuwa muhali yalikuwa yakitokea kila kukicha. Mwaka wa 1876, katika maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani yaliyofanyika Philadelphia, wageni walisikia sauti ya binadamu ikipita kwenye waya kupitia simu ya Alexander Graham Bell. Mwaka uliofuata Thomas Edison alitengeneza chombo cha kuhifadhi sauti, na mwaka wa 1879 taa yake ya umeme ikawaka. Aliyeyashuhudia hayo yote angekuwa na sababu gani ya kusema kwamba maji hayawezi kuendesha treni?

Sababu ilikuwapo, na wanasayansi walikuwa wakiijua. Katika miaka ya 1840 Mwingereza James Joule alikuwa ameonyesha kwa vipimo kwamba kazi ya mikono na joto ni sura mbili za kitu kimoja, na mwaka wa 1847 Mjerumani Hermann von Helmholtz akaieleza kanuni hiyo kwa upana. Kawi haiumbwi wala haiangamizwi. Hubadilika sura tu. Mtambo wowote hutoa kilichoingizwa ndani yake, tena kwa upungufu, kwa kuwa sehemu yake hupotea kama joto.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilikuwa kimechoshwa na wavumbuzi wa mitambo ya kujiendesha milele tangu zamani, kikaamua mwaka wa 1775 kutopokea tena maombi yao.

Maji nayo yana kisa chao. Hidrojeni inapoungua katika oksijeni, kinachobaki ni maji. Kwa maneno mengine, maji ni jivu la moto uliokwisha kuwaka. Anayetaka kupata moto kutoka kwa maji bila kuingiza kawi nyingine ni sawa na mtu anayetaka kupikia majivu ya jana.

Keely alikwepa hoja hiyo kwa kusema kwamba yeye hakuwa akichoma chochote. Alidai kwamba kila chembe ya maada inatetema, na kwamba mtu akiipata sauti inayopatana nayo ataifungua na kuachilia nguvu za etha, kile kitu chepesi ambacho wanasayansi wengi wa karne ya 19 waliamini kimejaa angani. Aliipamba nadharia hiyo kwa maneno mazito yaliyounganishwa mengi kwa mpigo, ambayo hakuna mhandisi aliyeweza kuyafafanua. Mitambo yake ilibadilika majina na maumbo mara kwa mara. Kila mmoja ulikaribia kukamilika, kisha ukaachwa kwa sababu wa pili ulikuwa bora zaidi.

Wenyehisa waliongoja gawio walipata ahadi. Miaka ikapita na kampuni haikuuza hata mtambo mmoja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 subira ya wengi ilikuwa imekwisha, na wakurugenzi wakaanza kumbana fundi wao awaeleze siri yake. Alikataa. Pesa zikamwishia, na huenda hadithi yake ingeishia hapo.

Aliyemwokoa ni mjane Clara Bloomfield-Moore. Mumewe, mfanyabiashara mkubwa wa karatasi jijini Philadelphia, alikuwa amefariki mwaka wa 1878 na kumwachia mali nyingi. Mama huyo hakuwa mjinga. Alikuwa mwandishi wa vitabu, msomaji wa falsafa na mfadhili wa sanaa aliyefahamiana na wasomi wa Ulaya na Marekani.

Aliposikia kwamba kuna mvumbuzi anayekaribia kufa kwa dhiki huku akiwa na hazina kichwani, aliona wajibu wa kumsaidia. Historia imejaa wavumbuzi waliokejeliwa wakiwa hai na kutukuzwa wakiwa kaburini. Bi Bloomfield-Moore hakutaka jina lake liwe miongoni mwa waliokejeli.

Alimpa Keely takriban dola 100,000 kwa ajili ya utafiti, pamoja na posho iliyofikia dola 2,500 kila mwezi. Wakati huo kibarua wa kawaida Marekani hakuzipata pesa hizo kwa mwaka mzima. Isitoshe, alimtetea kwa kalamu yake, akaandika makala kadhaa na hatimaye kitabu kizima kumhusu, kilichochapishwa mwaka wa 1893. Mwanawe, Clarence, aliyatazama hayo kwa uchungu.

Septemba 1884 Keely alipeleka bunduki yake ya mvuke katika uwanja wa majaribio wa kijeshi wa Sandy Hook, karibu na New York, na kufyatua risasi mbele ya maafisa wa serikali. Risasi zilitoka kweli. Jarida la Scientific American, ambalo lilikuwa limemtilia shaka kwa miaka mingi, lilieleza kwamba kila kilichoonekana hapo kingeweza kufanywa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi.

Maelezo hayo hayana uchawi wowote. Fundi wa magurudumu kando ya barabara ana mtungi wa hewa ambao huweza kuinua lori. Hakuna anayesema kwamba mtungi huo umezalisha kawi, kwani kila mtu anaisikia injini inayoujaza. Mtungi ukifichwa ghorofa ya chini, ukajazwa usiku na kufunguliwa mchana kupitia bomba jembamba, mgeni aliye juu ataona vyuma vikisogea bila kujua sababu.

Miaka minne baadaye mzozo ulifika mahakamani. Mtu mmoja aliyedai kumfadhili Keely zamani alifungua kesi akitaka haki yake katika uvumbuzi huo. Mahakama ikamwamuru Keely aeleze jinsi mtambo unavyofanya kazi. Alikaidi, na Novemba 1888 akapelekwa katika gereza la Moyamensing kwa kosa la kudharau mahakama. Alikaa humo siku chache tu, na mapema mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikaubatilisha uamuzi huo.

Kifungo hicho kifupi kilimjenga badala ya kumbomoa. Machoni pa wafuasi wake alikuwa sasa shahidi wa ukweli, mtu aliyekuwa radhi kulala gerezani kuliko kuikabidhi siri yake kwa walafi. Mwaka uo huo wa 1888 Helena Blavatsky, mwanzilishi wa vuguvugu la kiroho la Theosofia, alimtaja katika kitabu chake kama mtu aliyegusa nguvu zisizofaa kutolewa kwa binadamu kabla ya wakati wake. Kwa nadharia kama hiyo, kila mtambo uliokwama ukawa ushahidi kwamba siri ilikuwa kubwa mno.

Mtihani wa kweli ulikuja katikati ya miaka ya 1890, na ulihusu kipande cha waya.

Bi Bloomfield-Moore, ambaye kwa haki yake alitaka kujua ukweli, alimwalika mwanasayansi kutoka Uingereza, W. Lascelles-Scott, amchunguze Keely. Mgeni huyo alikaa Philadelphia kwa muda, akavutiwa, na akaitangazia Taasisi ya Franklin kwamba ameona nguvu isiyojulikana. Lakini mhandisi wa umeme wa jijini humo, E. Alexander Scott, naye alitazama maonyesho, na macho yake yaliangalia mahali pengine.

Katika onyesho moja, vipande vya chuma vilivyokuwa ndani ya chupa ya maji vilipanda na kushuka Keely alipopiga ala ya muziki. Chupa iliunganishwa na mtambo kwa waya mnene. Keely alisema waya huo ulipitisha mitetemo. Scott alishuku kwamba ulikuwa na tundu katikati na kwamba ulipitisha hewa. Kama ni hivyo, muziki ulikuwa pambo tu.

Shaka hiyo ingeondolewa kwa dakika moja. Ilihitajika tupa au msumeno mdogo, na waya ukatwe. Ukionekana mzima ndani, mhandisi angeaibika na mvumbuzi angetukuka. Keely aliombwa aukate waya wake. Alikataa.

Hapakuwa na hoja ya siri ya kibiashara hapo. Kuukata waya hakungefichua chochote kuhusu etha wala upatanifu wa sauti. Kungeonyesha tu kwamba waya ni waya. Bi Bloomfield-Moore alilielewa jambo hilo. Posho ya Keely ilipunguzwa kutoka dola 2,500 hadi dola 250 kwa mwezi. Hakumwacha kabisa. Alikuwa ametoa pesa, jina na zaidi ya miaka 10 ya maisha yake, na mtu aliyetoa hivyo haachi kwa siku moja.

Ni vyema kukilinganisha kisa hicho na kingine cha wakati uo huo. Mwishoni mwa 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei. Dai lake lilikuwa la ajabu kuliko la Keely, kwani alisema angeweza kupiga picha ya mifupa ndani ya mkono wa mtu aliye hai. Alichapisha maelezo ya alichofanya, na katika wiki chache za mwanzo wa 1896 maabara za Ulaya na Marekani zilikuwa zimelirudia jaribio lake na kupata picha zizo hizo. Hakuomba hataza wala hakumtaka mtu amwamini.

Wanasayansi, kwa hivyo, hawakuyakataa maajabu kwa kuwa ni maajabu. Waliyapokea ya Röntgen kwa mikono miwili. Tofauti ilikuwa kwamba mlango wa Röntgen ulikuwa wazi na wa Keely ulikuwa umefungwa.

Keely aliugua homa ya mapafu na kufariki Novemba 18, 1898. Wenyehisa walitumaini kwamba ameacha michoro au maandishi ya kuwawezesha kuendelea. Hapakupatikana chochote cha kuendeshea hata cherehani.

Clarence Moore alilikodi jengo la karakana. Pamoja naye walifika Arthur Goodspeed, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha za eksirei nchini Marekani, Lightner Witmer, mwanasaikolojia wa chuo icho hicho, na mhandisi wa umeme Carl Hering. Mbao zilipong'olewa, palionekana sakafu juu ya sakafu na nafasi iliyofichwa katikati. Mabomba membamba yalipita ndani ya kuta na chini ya mbao hadi mahali mitambo ilipokuwa ikisimama. Palikuwa pia na vali zilizowekwa chini ya sakafu, ambazo mtu angeweza kuzibonyeza kwa mguu huku mikono yake ikionekana kushughulika na ala ya muziki.

Chini kabisa, katika chumba cha ardhini, walikuta tufe la chuma lenye upana wa karibu mita moja na uzito wa takriban tani tatu. Wachunguzi walisema lilikuwa la kuhifadhia hewa iliyoshindiliwa. Ni maelezo yale yale ambayo Scientific American ilikuwa imeyatoa karibu miaka 15 awali bila kuiona karakana.

Baadhi ya wafuasi walipinga. Walisema tufe hilo lilikuwa chombo kikuukuu cha majaribio ya zamani, na kwamba mabomba si ushahidi wa hila. Ni haki pia kukumbuka kwamba Keely hakupatikana na hatia ya ulaghai katika mahakama yoyote, na kwamba maiti haiwezi kujitetea. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuusogeza mtambo hata mmoja wa Keely kwa sauti ya ala ya muziki, ingawa wapo waliojaribu.

Bi Bloomfield-Moore hakuyasoma magazeti yaliyotangaza matokeo hayo. Alikuwa amefariki jijini London mwanzoni mwa Januari iyo hiyo.

La kushangaza ni kwamba Philadelphia ilikuwa imekwisha kuonywa. Mwaka wa 1812, miaka 60 kabla ya Keely kutangaza ugunduzi wake, mtu aliyeitwa Charles Redheffer aliwatoza wakazi wake ada ya kuutazama mtambo wa kujiendesha milele. Wakaguzi waligundua kwamba meno ya magurudumu yake yalikuwa yamelika upande usiofaa: gurudumu lililodaiwa kuendeshwa ndilo lililokuwa likiendesha. Redheffer alipohamia New York, mhandisi Robert Fulton alivunja mbao za ukuta, akaufuata mshipi uliojificha hadi darini, na kumkuta mzee akizungusha mpini kwa mkono.

Mshipi wa Redheffer ukawa bomba la Keely, na mzee wa darini akawa tufe la chuma. Tangu wakati huo wamezuka wengine, wakizungumzia sumaku, magari yanayotumia maji badala ya petroli, na nguvu za ombwe. Maneno hubadilika kulingana na sayansi ya siku hiyo. Kisichobadilika ni masharti: pesa kwanza, siri baadaye, na pasiwepo wa kugusa.

Wapo wanaosema kwamba Keely aliona mbali na kuitabiri kawi ya atomi. Kweli, ndani ya maada mna nguvu kubwa. Lakini kupasuka kwa kiini cha urani kulipogunduliwa nchini Ujerumani mwishoni mwa 1938, maabara za nchi nyingine zilithibitisha jambo hilo kabla ya Januari 1939 kwisha. Wiki chache zilitosha kwa ugunduzi uliobadilisha dunia. Keely alipewa miaka 26.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Keely ilikuwa ndefu kuliko kawaida, kwa sababu waliompenda waliona haya kuuliza na waliouliza walionekana maadui. Mwanasayansi wa kigeni alidanganyika, jela haikumfungua kinywa, na mahakama haikupata jibu. Swali lililomshinda lilikuwa dogo kuliko yote hayo, nalo lilihitaji msumeno mdogo tu na ruhusa ya kuutumia.